Ali wa Mwaka Gani? Shajara ya Ifakara

Jumamosi, 22 Machi 2025

George Foreman amefariki jana huko Houston, akiwa na miaka 76. Habari zimetufikia leo mchana, na baada ya futari barazani pale Kibaoni hapakuwa na mada nyingine. Lakini yeye mwenyewe hakuzungumzwa sana. Ukimtaja Foreman umemtaja Muhammad Ali, na akishatajwa Ali tu, watu wanaanza kubishana ni Ali wa mwaka gani aliyekuwa Ali hasa.

Mzee mmoja, mstaafu tunayemwita Mzee wa reli, alishika Kinshasa, Ali alipompiga Foreman. "Tarehe 30 Oktoba 1974, mwanangu. Kabla ya hapo alikuwa anajifunza, baada ya hapo alikuwa anazeeka." Vijana wawili wa bodaboda wakashika Manila, 1975, pambano waliloliona kwenye simu. Mimi nikasema tarehe kama ya leo, 22 Machi, mwaka 1967, pale New York, Ali alimwangusha Zora Folley raundi ya saba, na tangu usiku ule Ali yule hakuonekana tena. Wakaguna. Mmoja akauliza Folley ndiye nani.

Nitaandika hoja yangu humu polepole, kwa sababu barazani sikupewa nafasi ya kuimaliza.

Jumatatu, 24 Machi

Kati ya 29 Machi 1966 na 22 Machi 1967 Ali alitetea ubingwa wa dunia mara saba. George Chuvalo kule Toronto, Henry Cooper na Brian London nchini Uingereza, Karl Mildenberger kule Frankfurt, Cleveland Williams na Ernie Terrell pale Houston, kisha Folley. Mapambano saba ya ubingwa wa uzito wa juu, na mwaka haujaisha. Mabingwa wa siku hizi wakipigana mara mbili kwa mwaka tunasema wamejituma.

Jana usiku niliangalia tena pambano la Williams, la 14 Novemba 1966. Umeme ulikuwa umekatika na simu imebaki na chaji ya kuhesabu, lakini pambano lenyewe halizidi raundi tatu. Williams alikwenda chini mara tatu katika raundi ya pili na mara moja zaidi katika ya tatu. Sikuwa natazama anguko. Nilitazama miguu ya Ali. Anapiga huku anarudi nyuma, jambo ambalo kocha yeyote angemkataza bondia wake, na bado konde linafika na uzito wote. Mikono iko kiunoni. Hashiki gadi kwa sababu hana haja nayo: konde la Williams linapofika, kichwa kimeshaondoka. Nimerudisha nyuma sehemu ile mara nyingi, na kila mara naona mtu wa zaidi ya kilo 95 akitembea kama bondia wa uzito wa unyoya.

Tarehe 28 Aprili 1967, katika mji uleule wa Houston, alikataa kuapishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Wakamnyang'anya ubingwa na leseni. Alikuwa na miaka 25. Aliporudi ulingoni kupambana na Jerry Quarry kule Atlanta, 26 Oktoba 1970, alikuwa na 28. Miaka mitatu na nusu ikapotea, na ndiyo miaka ambayo mwili wa mtu mkubwa unakomaa. Waliompiga Ali katika miaka ile hawakuvaa glovu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri, matope mpaka mlangoni, mazoezi ya vijana ninaowafundisha ngumi hakuna. Dogo mmoja amenipigia kuuliza kuhusu bondia wetu Francis Cheka, kama ubora wake ulikuwa 2013 alipomshinda Mmarekani Phil Williams pale Dar es Salaam, au kabla ya hapo. Nimemwambia Cheka tulimwona kwa macho, akiwa anajifua hapahapa mkoani Morogoro, kwa hiyo aende akawaulize waliokuwa wanafanya naye mazoezi, asiwaulize waliotazama mkanda akiwa ameshauvaa.

Alhamisi, 27 Machi

Mzee wa reli amenijibu leo, na amejibu vizuri.

Alianza na saa. Kinshasa walipigana saa kumi alfajiri. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na mbili, kunakucha, na yeye wakati huo ni kijana wa TAZARA upande wa Mlimba. Matokeo waliyapata redioni siku ileile na kazi ikasimama. "Usiniambie habari za miguu," alisema. "Niambie alimpiga nani." Kisha akahesabu kwa vidole. Foreman alikuwa na miaka 25 na mapambano 40, yote ameshinda, 37 kwa KO. Joe Frazier, aliyempiga Ali mwaka 1971, Foreman alimwangusha mara sita katika raundi mbili kule Kingston. Ken Norton, aliyemvunja Ali taya mwaka 1973, alimmaliza kwa raundi mbili kule Caracas. Mtu wa namna hiyo, Ali mwenye miaka 32 akamlaza raundi ya nane. Kama huo si ubora, ubora ni kitu gani?

Halafu akanigeuzia Williams wangu. Mwaka 1964 Williams alipigwa risasi na polisi kule Texas, akapoteza figo moja. "Mwalimu, unamsifu mtu kwa kumpiga mgonjwa." Baraza zima likasema "Eeh!" Na Folley, akaongeza, alikuwa na miaka 35.

Hayo yote ni kweli, nikayakubali palepale. Nikamtajia Terrell, aliyekuwa na mkanda wa WBA na hajapoteza pambano kwa karibu miaka mitano, na Ali akamchezea raundi kumi na tano akimtandika kila kona. Mzee akasema Terrell si Foreman. Nalo ni kweli.

Nimerudi nyumbani na swali lake. Yeye anapima kwa ukubwa wa aliyepigwa. Kwa kipimo hicho Kinshasa inashinda, wala sitabishana. Lakini kipimo hicho hakiniambii bondia alikuwa na nini mwilini usiku ule, wala alilipa nini ili ashinde.

Jumamosi, 29 Machi

Leo limetokea jambo ambalo limeniondolea hamu ya utani wa barazani.

Kijana wetu mkubwa, yule anayebeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, alipanda kwanza kwenye mizani ya mashineni, maana hatuna nyingine. Kilo 94. Uzito wa juu unaanzia kilo 90.7, kwa hiyo ni wa kwetu kweli, na hapa Ifakara hana saizi yake wa kufanya naye mazoezi. Nikampa mwenzake wa kilo 70 na kitu. Raundi ya pili akaenda mwenyewe kwenye kamba, akaegemea, akaficha uso kwa mikono miwili na kumwacha mwenzake ampige mbavu, tumbo, masikio. Nikampigia kelele atoke. Akanijibu kutoka nyuma ya glovu: "Kocha, namchosha!"

Kumbe wiki nzima wamekuwa wakitazama Kinshasa kwenye simu, kwa sababu ya kifo cha Foreman, na kwa sababu wazee wanasema pale ndipo Ali alipokuwa Ali.

Alipomaliza alikaa kwenye benchi. Nikamwambia avue glovu, akaniangalia. Nikarudia. Akaanza kuvuta kamba ya glovu ya kulia kwa meno, akaacha, akaishika ya kushoto, akaacha. Nikamuuliza leo siku gani. Alinijibu sawasawa, lakini nilisubiri jibu. Huyo amepigwa na mtu wa kilo 70. Nimemzuia asiguse ulingo na kumwambia mama yake asimwache alale peke yake leo.

Usiku huu naandika bila kumtafuta wa kubishana naye. Ali alipopigana na Williams alikuwa na kilo 96 hivi, Kinshasa 98. Kwenye mizani ni mtu yuleyule. Kilichopungua ni miguu. Kinshasa aliegemea kamba kwa sababu raundi ya kwanza ilimwonyesha kwamba katika joto lile hawezi kumkimbia Foreman raundi kumi na tano. Ilikuwa akili kubwa na moyo mkubwa, hakuna anayebisha. Lakini ni akili ya mtu ambaye njia yake ya kwanza imeziba. Ali wa 1967 asingeegemea kamba, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kuziegemea.

Na baada ya kushinda vile, akaifanya kuwa desturi. Manila alikaa mbele ya Frazier raundi kumi na nne. Mwaka 1977 alivumilia makonde ya Earnie Shavers raundi kumi na tano, na daktari wake, Ferdie Pacheco, akaondoka kwenye kona yake. Mwaka 1984 akatangaziwa ana Parkinson. Sisemi ngumi peke yake ndizo zilizoleta maradhi yale, hilo ni la madaktari. Nasema ukiipa Kinshasa jina la ubora, unamfundisha kijana kwamba bondia bora ni yule anayevumilia kupigwa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kumpa mzee mkono wa Idi. Pilau ya mchele wa hapa nyumbani, na kijukuu chake kikitusikiliza.

Shikamoo ikapokelewa, kisha akaanza mwenyewe na habari ya 1980. Mwanzoni mwa Februari mwaka ule Rais Jimmy Carter alimtuma Ali Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Afghanistan, na kituo cha kwanza kikawa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wakamuuliza Ali ilikuwaje Marekani haikutuunga mkono mwaka 1976, Afrika iliposusia Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Ali hakuwa na jibu. Tulikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. "Tulimpenda sana," alisema mzee, "na tulimwonea huruma. Walimtuma bila kumweleza." Oktoba ya mwaka uleule, akiwa na miaka 38, Ali alipanda ulingoni na Larry Holmes, akasimamishwa baada ya raundi kumi. Mzee hataki kulitazama pambano lile, hata kwenye simu ya mjukuu.

Nikamweleza kuhusu kijana wa magunia. Alinyamaza muda mrefu. Kisha nikamuuliza juu ya marehemu. Foreman alirudisha ubingwa mwaka 1994 kwa kumwangusha Michael Moorer raundi ya kumi, akiwa na miaka 45. Je, yupo mtu anayesema Foreman alikuwa katika ubora wake akiwa na miaka 45?

"Hakuna," alisema. "Ule ulikuwa ushindi."

"Na Kinshasa, Mzee?"

"Kinshasa niachie, mwanangu."

Nimemwachia. Kinshasa ni ushindi mkubwa kuliko wote alioupata Ali. Enzi zake zilikuwa zimepita, na ndiyo sababu ushindi ule ni mkubwa hivyo.

Jumamosi, 5 Aprili

Kijana yuko sawa, daktari amemwona na kumpa mapumziko ya mwezi mzima. Pambano lake la kwanza, lililokuwa lipangwe Mei, nimelifuta.

Asubuhi tumezifungua kamba za ulingo, tukazikunja na kuzitundika juu ya boriti ya banda. Mpaka masika iishe vijana wote watafanya mazoezi ndani ya duara la chokaa, hakuna cha kuegemea, na anayekanyaga nje amepoteza raundi. Simu yangu nimewawekea pambano la Williams na la Folley, walitazame kabla ya mazoezi, macho chini, kwenye miguu. Nimewapigia pia makocha wenzangu wa Mang'ula na Mlimba nikiwaomba wafanye hivyohivyo, hasa wenye watoto wakubwa wa mwili wasio na saizi yao.

Wakiniuliza Ali wa mwaka gani, jibu langu ni hili: kuanzia Machi 1966 hadi Machi 1967, alipokuwa hapigiki.