Kikasha cha Vuli

Kazi ya mikono haina heshima kubwa machoni pa wasomi wengi. Mtu aliyezoea kuzihesabu siku zake kwa vitabu alivyosoma na mihadhara aliyotoa huona haya kukutwa mkekani na mkasi na gundi mfano wa mtoto wa shule. Nami nilikuwa mmoja wao mpaka Oktoba iliyopita, nilipoketi sakafuni nyumbani kwangu Nzuguni, nikafundishwa na binti yangu wa miaka 11 namna ya kutengeneza kikasha cha karatasi cha kutilia zawadi. Sababu ya kazi ile haikuwa mchezo. Ilikuwa ni deni la miaka tisa.

Deni lenyewe lilikuwa hivi. Yuko mzee mmoja, jirani yetu, aliyenifundisha Kiswahili nilipokuwa darasa la tano. Alikuwa kijana wakati ule, mwembamba, mwenye sauti ndogo na wino mwingi. Insha zetu alizisahihisha kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikaonekana kama imejeruhiwa, na chini ya kila kazi mbaya aliandika neno moja tu: Rudia. Hakutukana wala hakupiga. Neno lile lilitosha. Hapana shaka kwamba kila sentensi nyofu niliyopata kuandika tangu hapo ina mkono wake ndani yake.

Nilipopata shahada ya udaktari, ndugu na majirani walinifanyia karamu uani. Mwalimu alipewa nafasi ya kusema. Alimshukuru Mungu, kisha akasema ya kuwa yeye sasa anaingia katika vuli ya maisha yake, majani yake yanaanza kupukutika, lakini moyo wake umetulia kwa sababu mche alioupanda umekuwa mti. Watu wakapiga makofi. Zamu yangu ilipofika, badala ya kushukuru nilisahihisha. Nilisema mbele ya watu wote kwamba vuli si majira ya kupukutika majani. Vuli ni mvua, nayo huinyeshea pwani kati ya Oktoba na Desemba. Kulichukua neno hilo na kuyaita majira ya Ulaya ambayo majani huanguka ni kosa la wafasiri wavivu. Watu walicheka. Mwalimu pia alicheka, akaketi. Tangu siku ile hakuniita tena mwanangu. Aliniita Daktari, kwa adabu kamili, na adabu ile ilinichoma kuliko tusi.

Nilisema kweli, na kweli ile ndiyo iliyonihukumu. Maana kweli ni kama moto: jikoni hupika chakula, na juu ya paa huteketeza nyumba. Sikuwa nimetaka kumfundisha mtu yeyote jioni ile. Nilitaka watu waone kwamba mche umempita mpanzi kimo.

Basi mwaka uliopita nilisikia kwamba Mwalimu anatimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa serikali katika nchi yetu hana budi kustaafu. Nikanunua kalamu ya wino, nikaijaza wino mwekundu, nikaona haifai kupelekwa ndani ya mfuko wa plastiki. Binti yangu alikuwa na kitabu cha kazi za mikono kilichotoka ng'ambo, na ndani yake kuna mfano wa kikasha kilichopambwa kwa majani ya yale majira ya Ulaya niliyoyagombea: mekundu, ya manjano na ya rangi ya kahawia. Nilipouona mfano ule nilijua kwamba zawadi yangu imepata chombo chake. Niliwaza kwamba kikasha kile kitasema kwa niaba yangu: Mwalimu, chukua majira yako, nakurudishia neno lako.

Kikasha ni kitu rahisi kueleza. Hukatwa karatasi ya manila yenye pande nne zilizo sawa, kila upande sentimita 24. Hupigwa mistari kwa penseli sentimita 6 kutoka kila ukingo, na katikati hubaki mraba wa sentimita 12, ambao ndio kitako. Kalamu ndefu hulala humo kwa mshazari bila taabu. Mistari hukandamizwa kwa rula na ncha ya kalamu iliyokwisha wino, ili karatasi ikunjike bila kuvunjika. Kisha hukatwa mara nne penye pembe, mapande hukunjwa na kupakwa gundi, na kuta nne husimama. Kifuniko hufanywa kwa njia iyo hiyo, ila kitako chake sharti kizidi kile cha chini kwa milimita mbili au tatu, kwa maana karatasi nayo ina unene wake.

"Baba, ongeza kidogo," binti yangu aliniambia.

Nikamjibu kwamba kifuniko kilicholegea hakina heshima, nikaongeza milimita moja tu.

Taabu ilianza katika mapambo. Majani ya kitabuni yalikuwa na ncha tano kama kiganja cha mkono, nayo hayaoti Nzuguni. Sikutaka kumpelekea Mwalimu majani ya watu wengine. Nikatoka kuyatafuta ya kwetu. Sisi wa Dodoma tuna mvua moja tu kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Tangu Mei nyasi hugeuka rangi ya mchanga, na mibuyu husimama uchi kama watu waliokwisha toa vyote walivyokuwa navyo. Ifikapo Nanenane, tarehe 8 Agosti, wakati watu wanapomiminika katika viwanja vya maonyesho ya wakulima hapa Nzuguni, upepo huinua vumbi mpaka mtu huonja ardhi ulimini. Huko Ulaya jani huanguka kwa sababu siku zimefupika na baridi inakuja. Rangi ya kijani huvunjika, na manjano iliyokuwa imefichwa chini yake huonekana. Hapa jani huanguka kwa kiu. Mti hulitupa ili usife, kama msafiri atupavyo mzigo jangwani.

Niliokota majani makavu ya kila namna: ya mbuyu, ya mwarobaini, na ya mizabibu katika shamba la jirani. Nikayabandika juu ya kifuniko na kuzunguka kuta. Yalikuwa ya kahawia na ya kijivu, na mengine yalivunjika chini ya kidole. Nilipomaliza niliinua kazi yangu, nikaitazama, moyo ukanishuka. Nilikuwa nimetengeneza jeneza dogo. Je, mtu anayeiaga kazi ya maisha yake apewe majani yaliyokufa na mwanafunzi aliyemfedhehesha? Nikayabandua yote, nikaiweka manila kando siku nyingi.

Msaada ulitoka mahali nisipopatazamia. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Tabora, alirudi kutoka kwao mwezi ule ule, na kati ya kurasa za daftari lake alikuwa na kitawi cha myombo. Vijani vyake vilipangana jozi jozi, laini kama sikio la mtoto, navyo vilikuwa vyekundu. Nikamwuliza kama mti ule ulikuwa unakufa. Akacheka kwa adabu, akasema, "La, Mwalimu. Ndiyo kwanza unaota."

Naam, jambo hili wenyeji wa nchi ya miyombo wanalijua toka utoto, nami Daktari sikuwa nimelitia moyoni. Katika misitu ile, mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, miti iliyokuwa mitupu hutoa majani machanga, na majani hayo huzaliwa mekundu na ya rangi ya shaba, kisha ndipo hugeuka kuwa ya kijani. Abiria wa Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, akichungulia dirishani katika miezi hiyo huona msitu unaowaka mfano wa msitu wa Ulaya unaoaga mwaka. Wekundu wa majani ya huko na wekundu wa haya ya kwetu hutokana na rangi ya jamii moja. Lakini huko ni rangi ya kuaga, na huku ni rangi ya kuwasili.

Hapo nikalikumbuka neno langu la karamuni. Miezi ile ambayo myombo huvaa wekundu ndiyo miezi ambayo pwani huingojea vuli. Nilikuwa nimesema kwamba vuli ni mvua, nami nilisema sawa. Lakini sikufika mwisho wa maneno yangu mwenyewe. Laiti ningalifika mwisho wake, ningaliona ya kwamba Mwalimu hakujitukana alipojiita mtu wa vuli, nami nisingalikuwa na la kusahihisha.

Kitawi kilikwisha kunyauka na kuwa cheusi, kwa hiyo sikuweza kukibandika. Nikakilaza juu ya manila nyekundu, nikazungusha penseli, nikakata vijani vya karatasi jozi jozi, binti yangu akivipaka mishipa kwa rangi ya shaba. Ndani nikatia kalamu, na juu yake barua fupi. Niliandika hivi: "Mwalimu, siku ile nilisema vuli ni mvua, nikadhani nimekushinda. Sikujua kwamba nimekusifu. Aliye katika vuli hapukutiki. Anangojewa na mashamba. Nisamehe, si kwa neno nililolisema, bali kwa mahali nilipolisemea na kwa watu niliowachekesha."

Nilivuka barabara ya Morogoro jioni ya Jumamosi na kubisha hodi kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Daktari. Karibu kiti."

Alikipokea kikasha kwa mikono miwili, akakigeuza polepole kwenye mwanga. "Majani haya yanaanguka?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Yanaota."

Hakusema kitu. Alijaribu kukifungua, kifuniko kikakataa. Akavuta, ukuta mmoja ukapinda, ndipo kikatoka kwa kishindo. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati. Kisha alinyoosha mkono dirishani, akatwaa rula ya mti iliyochakaa, akapima kitako cha kikasha na kitako cha kifuniko.

"Umeongeza ngapi?"

"Milimita moja, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Niliona kwamba inatosha."

"Uliona," akasema.

Akaichukua kalamu yangu mpya, akaijaribu wino pembeni mwa gazeti, akakipindua kifuniko na kuandika ndani yake kwa mwandiko ule ule wa darasa la tano: 12.3. Chini ya tarakimu hizo akaandika neno moja: Rudia. Akanirudishia kifuniko, na kikasha akakiweka juu ya meza yake, karibu na redio, kikiwa wazi.

"Kilete Jumamosi ijayo," akasema, "kabla mvua haijaanza."

Hakuniita Daktari, wala hakuniita mwanangu. Mwanafunzi aliyekosea haitwi kwa cheo. Huonyeshwa kosa lake, akapewa muda. Nilirudi nyumbani kwa miguu katika vumbi la Nzuguni, kifuniko mkononi, nikitembea upesi kama mtoto aliyepewa kazi ya nyumbani na mwalimu ampendaye.