Daktari Aliyewafuata Maskini Mlangoni

 

Mimi ni mtu wa pwani niliyehamia bara, na miaka hii nasomesha watoto Qur'ani hapa Ipagala, Dodoma. Nchi hii ni kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na ikikosa ndiyo imekosa. Ugogo ina kumbukumbu ya njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, pale majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipochukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na ukame nao ukaja juu yake. Akaaye katika nchi kama hii hahitaji kuhubiriwa thamani ya kisima. Ndiyo maana nimependa kuwaandikia, ndugu zangu wa pwani, habari za mtu aliyeacha raha yake akaja kutuchimbia visima Waafrika.

Mtu huyo ni Dk. Abdulrahman Al-Sumait, Mungu amrehemu. Alizaliwa Kuwait mwaka 1947, akasomea udaktari Baghdad, akajifunza maradhi ya nchi za joto huko Liverpool, Uingereza, kisha akaongeza ujuzi wa maradhi ya tumbo Kanada, katika Chuo Kikuu cha McGill. Aliporudi kwao alikuwa daktari mwenye kazi nzuri na heshima. Lau angebaki pale, nani angemlaumu? Lakini husimuliwa kwamba hata hospitalini, akishawapima wagonjwa, alirudi tena wodini kuwauliza hali ya nyumbani: nani anawalisha watoto, na maisha yanakwendaje. Alifahamu kuwa dawa haimfai mtu ambaye sufuria yake haina kitu.

Kisha mama mmoja wa Kuwait akatoa mali ijengwe msikiti Afrika, naye akaenda Malawi kusimamia ujenzi. Huko aliuona umaskini na ujinga wa dini kwa macho yake, na moyo wake haukurudi tena Kuwait. Mwaka 1981 ikaanzishwa kamati ya kuwasaidia Waislamu wa Malawi. Kamati hiyo ikakua ikawa Africa Muslims Agency, ambayo tangu 1999 huitwa Direct Aid. Ikajenga misikiti, lakini pamoja na msikiti ikaweka shule, zahanati na kisima, na ikalea mayatima kwa maelfu. Mwaka 1996 alipopewa Tuzo ya Mfalme Faisal, riyali 750,000, hakuzitia mfukoni. Alizitoa ziwe wakfu wa kusomesha watoto wa Afrika. Akiwa na kisukari, alihamia na mkewe Madagascar, pande za Manakara, wakaishi na wanavijiji. Alifariki tarehe 15 Agosti 2013. Na sisi wa huku tunayo athari yake karibu: chuo cha ualimu kilichofunguliwa Chukwani, Unguja, mwaka 1998, ambacho leo ni chuo kikuu chenye jina lake.

Basi tujiulize, wasomaji wapenzi, mtu huyu ametufundisha nini: kutoa, au kupokea? Nauliza kwa sababu siku hizi likitajwa jambo la heri katika vikao vyetu, neno la kwanza ni, "Tuwaandikie wafadhili." Pampu ya kisima ikiharibika, watu hukaa mwaka wakingoja mgeni, na huku kipuri chake kingenunuliwa kwa mchango wa nyumba zilizo jirani. Katika darasa langu wamo mayatima. Yuko anayekuja asubuhi na juzuu yake mkononi na tumbo tupu, na baina ya kwao na chuoni kwetu zipo nyumba nyingi zinazofuka moshi wa jikoni. Je, huyu naye tumwandikie barua mtu wa Kuwait?

Wazee wetu wa pwani hawakuwa hivi. Mtu alikuwa na minazi kumi, miwili akaifanya wakfu wa msikiti au wa chuo. Hakuwa tajiri, wala hakupigwa picha. Aliyafahamu maneno ya Suratul Maun, kwamba anayemsukuma yatima ameikadhibisha dini yenyewe, hata kama anaonekana katika safu ya swala. Naye alitamani kuwa karibu na Mtume wetu kama vidole viwili vilivyo karibu.

Al-Sumait hakuja ili sisi tukae. Alikuja kutuonesha njia, naye amekwisha kwenda zake. Kila nyumba imtazame yatima mmoja aliye karibu nayo: chai yake ya asubuhi, kanzu yake, ada yake ya shule. Usingoje kamati. Mwendee mlangoni kwao, umuulize mlezi wake hali, kama daktari yule alivyouliza wodini. Sadaka inayopelekwa kwa miguu humfundisha mtoaji mambo ambayo fedha ya kutumwa haimfundishi.

Mwenyezi Mungu amrehemu mja wake huyu, na atujaalie mikono yenye kutoa kabla ya midomo yenye kuomba. Amin.