Banjo ya Mjomba

Ukimwona mzee ameacha kupiga chombo chake, usiseme haraka kwamba mikono imechoka. Pima nyuzi kwanza.

Mjomba wangu hapa Tanga alianza kupiga banjo kwenye harusi mwaka 1974, alipoinunua Mombasa ikiwa tayari kuukuu, na aliendelea mpaka vidole vilipokakamaa kwa baridi yabisi. Miaka sita banjo ikakaa juu ya kabati ndani ya sanduku lake. Januari hii akapita bwana mmoja anayenunua vitu vya kale, akaitaka kwa shilingi laki moja na nusu. Ya nini? Aitundike ukutani hotelini. Mjomba akakubali. "Mwanangu, chombo kisichopigika ni pambo tu," akaniambia. Yule bwana angerudi Jumatatu na pesa mkononi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, riwaya yangu iko kwenye kaunta-buku ya pili. Muda ninao. Nikamwomba anipe hizo siku niitazame. Akaniruhusu kwa sharti moja: nisikate wala nisitoboe kitu kisichoweza kurudishwa kilivyokuwa.

Banjo yenyewe ni ya nyuzi nne, aina iliyopendwa sana na bendi za dansi za Marekani miaka ya 1920, kabla gitaa halijaifukuza jukwaani. Lakini ukoo wake ni wa Afrika. Watumwa waliotolewa Afrika Magharibi ndio waliounda vyombo vya namna hii kule Visiwa vya Karibi na Marekani, kwa kibuyu na ngozi, na hadi leo Wajola wa Senegali na Gambia wanapiga akonting, ndugu yake wa damu. Chombo kimezunguka dunia namna hiyo, kikatua Mombasa, kikachezesha maharusi wa Tanga, halafu mtu akakitundike karibu na friji ya soda! Iliniuma, jamani.

Nikaanza na rula. Kwenye freti ya 12, ambayo ni katikati kabisa ya urefu wa uzi, nyuzi zilikuwa milimita 6 juu ya chuma. Banjo inayopigika huwa kama 3 hivi. Milimita 3 za ziada utaziona mzaha, lakini hebu bonyeza uzi wa chuma kutoka kimo hicho mara mia mbili ndani ya wimbo mmoja, tena kwa kidole chenye baridi yabisi.

Waandishi wenzangu, sisi tunapenda kuandika "nyuzi zikalia kwa huzuni", basi, tumemaliza. Hatuulizi zimebebwa na nini. Uso wa gitaa ni mbao, haubadiliki sana. Kwenye banjo nyuzi zinabebwa na kidaraja, kijibao kinachosimama juu ya ngozi. Hakikugundishwa, kinashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake. Ngozi ikilegea, kidaraja kinazama na nyuzi zinashuka. Ngozi ikikaza, vyote vinapanda. Kwa hiyo ngozi inatangulia, ndipo shingo, na kidaraja baadaye. Ukigeuza mpango huo utapima kutwa nzima na kila kipimo kitakudanganya.

Ngozi ya mjomba ni ya mbuzi, aliiwamba fundi wa ngoma. Banjo nyingi siku hizi zina plastiki, iliyoanza kutumika miaka ya 1950, ambayo haijali unyevu. Ya mbuzi inajali. Nikazungusha nati za ndoano robo mzunguko kila moja, ya upande huu kisha ile inayoitazama, kama mtu anayefunga gurudumu la gari. Nikawa nagonga kwa ukucha karibu na kila ndoano mpaka milio ikalingana. Sikuikaza mno. Ilikuwa kaskazi, jua kali, ngozi imekwisha kujikausha yenyewe. Ukizidisha, itapasuka usiku mmelala.

Pale shingo inapokutana na duara la mbao palikuwa na upenyo, karatasi inapita. Nyuzi zimeivuta miaka yote hiyo. Ndani ya duara kuna mti unaotoka kwenye shingo kwenda hadi upande wa pili, na chuma cha kuubana. Nikalegeza nyuzi, nikakaza chuma, upenyo ukaziba. Nikapima: milimita 5.

Mjomba alikuwa barazani anajifanya anasoma gazeti. Nikampelekea ajaribu.

"Bado inauma, mjomba?"

"Inauma."

Kikabaki kidaraja. Kilichongwa kwa kisu, kizito, kimo milimita 17. Vya kawaida huwa kama 13 au 16. Hesabu yake ni nyepesi: kwa kuwa freti ya 12 iko nusu ya safari, ukipunguza kidaraja milimita 2, uzi pale unashuka milimita 1. Nilitaka kushuka 2, kwa hiyo kidaraja kipungue 4. Nikachukua msasa.

"Hicho usikiguse!"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti vile. Akaja, akakaa, akanieleza. Alikichonga mwenyewe masika ya mwaka 1982, usiku, kwa taa ya chemli, kutoka mguu wa kiti kilichovunjika. Mvua ilikuwa haikatiki, ngozi imezama, nyuzi zinakwaruza kwenye freti, na harusi ni kesho. Tangu hapo akawa na vidaraja viwili, kifupi cha kiangazi na hiki cha masika, na kila msimu anabadilisha.

"Na kile kifupi kiko wapi?"

Akafikiri. Hakijui kilipo. Harusi yake ya mwisho ilikuwa mwezi wa Aprili, miaka sita iliyopita. Aliiweka banjo kabatini na kidaraja cha masika juu yake. Alipoishusha kiangazi, ngozi imekauka na kupanda, ilimkata vidole, naye akasema basi, uzee umefika.

Tukanyamaza wote wawili. Baridi yabisi anayo kweli, daktari alimwambia. Lakini hakuwa nayo peke yake.

Nilichonga kingine kwa kipande cha mninga, milimita 13, nikakisawazisha miguu juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Nikakisogeza mbele na nyuma mpaka mlio wa kugusa uzi kwenye freti ya 12 ukawa sawa na mlio wa kuubonyeza hapohapo. Nyuzi nilinunua za gitaa, nyembamba, nikavunja vile vishanga vya mwishoni ili kubaki na kitanzi cha kunasia.

Jumapili jioni mjomba alipiga. Kidole cha mwisho hakimtii, anakiruka, na mwendo umekuwa wa polepole. Majirani walikuja barazani hata hivyo. Jumatatu yule bwana alipofika, mjomba alimkaribisha kahawa, wakazungumza habari za Mombasa ya zamani, kisha akamwambia apite tena baada ya masika.

Ninapoandika haya ni Aprili, mabati hayasikilizani kwa mvua. Tangu jana nyuzi zinakwaruza kwenye freti ya tano. Mjomba amenituma sandukuni nimletee kidaraja chake.