Daftari la Madeni

Duka la baba pale Vihingo lilianza kama banda la makuti. Yakivuja, unaona pengo, unapachika kuti jingine. Kisha ikaja mitindo: tukajenga fremu, ukuta ukapandishwa juu kuficha bati, tukaambiwa sasa tunafanana na mjini. Kusema kweli, lilipendeza.

Masika ya kwanza, maji yakashuka ukutani. Fundi akapanda, akapaka lami juu ya kila msumari, akalipwa. Mvua iliporudi yakashuka tena. Safari hiyo nikapanda mwenyewe. Misumari haikuwa na kosa. Nyuma ya ule ukuta wa urembo, mfereji ulikuwa umejaa majani ya mwembe wa jirani. Maji yakikosa njia hujaa, yakapita chini ya ncha za bati, yakaingia ndani. Makuti hayana mambo hayo: maji yanadondoka nje, basi.

Unga tuliumwaga. Kilichomuuma baba ni daftari la madeni, wino umetapakaa.

"Sasa namdai nani, mwanangu?"

Wiki ile watu watatu walikuja kulipa bila kuulizwa. Wengine wananisalimia kwa mbali mpaka leo.