Kwa Dada, East Ham

London, Desemba 2025

 Ndugu zangu wa Mbagala, baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Saa kumi jioni haijagonga, jua limeshazama, wakati ambao kwetu watoto ndiyo kwanza wanarudi kutoka shule!

Ijumaa nilifikia East Ham, kwa dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Ana chumba kimoja tu; jiko na bafu wanachangia wapangaji wote. Kodi ni pauni 750 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Kwa hela hiyo kwetu unapata nyumba nzima yenye geti, na miezi kadhaa umeshailipia. Hata hivyo yapo niliyoyatamani. Hapa kwa kawaida wapangaji hulipa mwezi kwa mwezi, si miezi sita kwa mpigo. Tena tangu sheria ya 2019, dalali haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kumtafutia chumba. Wapangaji wa Dar, mmesikia? Umeme, nyumbani kwa dada wananunua kabla ya kutumia, kama LUKU yetu. Dada aliwasha hita kidogo kwa heshima ya mgeni, akaizima, tukaendelea na mazungumzo ndani ya mablanketi.

Jumamosi akanipeleka Queen's Market, Upton Park. Moyo wangu ulitulia pale. Mihogo, bamia, ndizi mbichi, harufu ya samaki wakavu, na wauzaji wanaoita wateja kwa sauti ya Kariakoo kabisa. Nyanya na pilipili zimepangwa kwenye mabakuli, bakuli zima pauni moja. Usiku tukapitia duka kubwa saa ambayo wafanyakazi hubandika karatasi za njano kwenye vyakula vinavyokaribia mwisho wa muda, bei inashuka. Dada anaijua saa hiyo vizuri. Tulirudi na mkate na kuku, tukasonga ugali.

Jumapili tulikwenda British Museum, jumba lililofunguliwa mwaka 1759. Kuingia bure! Ndani kuna joto, na sanamu za Misri zimesimama mbele yako, unazitazama mpaka uchoke. Dada huja mara kwa mara. Nilifurahi sana kuona kwamba katika jiji la bei kali namna hii, mtu wa mshahara mdogo anaingia kwa mlango uleule wa tajiri.

Jumatatu nilimsindikiza dada kazini alfajiri, giza totoro. Nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75, zaidi ya mara nane ya shilingi 600 za daladala. Pesa taslimu hawapokei, unagusisha kadi, na ndani ya saa moja unaweza kupanda mabasi mengine bila kulipa tena. Hakuna konda, hakuna wa kukuambia usogee nyuma. Basi lilikuwa limejaa, wengi wamelala wameegemea vioo. Walio macho walinong'ona Kisomali, Kireno, Kihispania. Hawa ndio wanaosafisha ofisi kabla wenye ofisi hawajaamka.

Humo ndimo dada alimoniambia mshahara wake: pauni 12.21 kwa saa, kilichokuwa kima cha chini cha kisheria mwaka 2025 kwa aliyefikisha miaka 21. Nikashangilia, maana ni zaidi ya shilingi 36,000 kwa saa moja!

"Usiigeuze shilingi," akasema. "Igeuze kodi."

Nikaigeuza. Kabla ya makato, chumba peke yake kinakula zaidi ya saa 60 za kazi kila mwezi. Bado nauli ya basi, umeme, chakula. Na katika kinachobaki, kila mwezi anatoa ada ya mdogo wake huko nyumbani, hajawahi kuruka.

Basi enyi wenye ndugu huku, nawaombeni: mkipiga simu, ulizeni kwanza kama wamelala na kama wamekula. Na akikwambia mwezi huu hana, mwamini.