Lami, Kiyeyushi na Neno "Kuyeyuka"

Kiswahili kina neno moja lifanyalo kazi tatu, nalo hunisumbua kila muhula ninapofundisha kemia. Barafu huyeyuka juani. Sukari huyeyuka katika chai. Na fedha za kikundi, mweka hazina akishahama mtaa, nazo huambiwa zimeyeyuka. Mtihani wetu wa chuo, kwa kuwa umeandikwa kwa Kiingereza, humtaka mwanafunzi azitenge maana mbili za mwanzo, na kila mwaka wapo wanaopoteza alama hapo. Si kwa ujinga, bali kwa sababu lugha waliyokulia haikuona haja ya kuzitenga. Kuhusu maana ya tatu hawaulizwi kitu. Ni hiyo ya tatu ninayotaka kuizungumza leo, ila sina budi kwanza kupitia kwenye lami.

Sikusudii, kwa sasa, lami ya barabarani. Iko nyingine, nyeusi na ngumu, inayovunjika kama kioo ikipoa, itokanayo na masalia mazito ya kusafisha mafuta au na kile kinachotoka makaa ya mawe yanapookwa ndani ya tanuri. Ni takataka ya viwanda, kwa maneno mengine. Katikati ya miaka ya 1960, Sugio Otani wa Chuo Kikuu cha Gunma, Japani, alionesha kuwa takataka hii inaweza kuvutwa ikawa nyuzi za kaboni. Mwaka 1965, Brooks na Taylor, wakifanya kazi Australia, walieleza jambo la ajabu zaidi: lami ikipikwa karibu na joto la Selsiasi 400, huzaliwa ndani yake vitone vya mviringo ambavyo hukua na kuungana, na ndani ya vitone hivyo molekuli, zilizo bapa kama sahani, zimejipanga kuelekea upande mmoja ilhali bado ni kimiminiko. Katika miaka ya 1970, Leonard Singer wa kampuni ya Union Carbide, huko Ohio, Marekani, aliitumia lami hiyo yenye mpangilio kutengeneza nyuzi ngumu mno. Zilizo bora miongoni mwake hupitisha joto zaidi ya maradufu ya shaba, na ndiyo maana hutafutwa na watengenezaji wa satelaiti.

Tatizo ni kwamba kadiri lami inavyojipanga vizuri, ndivyo inavyokataa kulainika. Ili ipenye kwenye matundu membamba ya mashine ya kuvuta nyuzi, huhitaji joto la Selsiasi 300 na ushei, na hapo iko jirani sana na joto la kuivunjavunja lami yenyewe. Gesi hutoka, mapovu hujitokeza, uzi hukatika. Mwendeshaji wa mtambo amebanwa kati ya kuta mbili: akipunguza moto, lami inaganda, akiuongeza, inaungua.

Njia ya kutokea ilikuwa kiyeyushi, yaani kimiminiko kama tolueni au zaileni, chenye maumbile ya pete yanayofanana na yale ya lami. Kilitumika kwa namna mbili. Kwanza kilikuwa cha kuoshea: mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti Diefendorf na Riggs, ambao hataza yao ilimilikiwa na Exxon, waliondoa kwa kiyeyushi sehemu nyepesi za lami, na kilichobaki kikawa tayari kujipanga kwa dakika badala ya saa nyingi za kupikwa. Kisha likaja wazo la kijasiri zaidi, lililoendelezwa na kampuni ya Conoco katika miaka ya 1990: kukiacha kiyeyushi ndani. Molekuli zake hujipenyeza kati ya zile sahani na kuziwezesha kuteleza, na lami ambayo ingehitaji joto la kuiharibu, au ambayo isingeyeyuka kabisa, hutiririka kwa joto la chini sana bila kupoteza mpangilio wake. Kiasi ndicho kila kitu. Ukikizidisha, sahani hutawanyika na nidhamu yote hupotea.

Hapa, nakiri kwa furaha kidogo, Kiswahili kinashinda. Lami hiyo inayeyuka kama barafu kwa sababu imeyeyuka kama sukari. Hakuna anayeweza kusema maana moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Tena kuna faida iliyojificha. Uzi wa kawaida wa lami ukishavutwa, lazima upewe hewa na joto la wastani kwa muda mrefu ili ugande kikemia, la sivyo utayeyuka upya ndani ya tanuri. Uzi uliovutwa kwa msaada wa kiyeyushi huanza kujilinda wenyewe: kiyeyushi kinapotoka, joto la kuyeyukia hupanda, nao unaweza kugandishwa kwa moto mkali zaidi, upesi zaidi. Mtu huazimwa ulaini kwa dakika chache, kisha huurudisha. Conoco ilijenga kiwanda cha nyuzi hizo Ponca City, Oklahoma, lakini baada ya kuungana na Phillips mwaka 2002 mradi huo ulifungwa upesi. Ni hadithi ya soko, nami sitaisimulia.

Ninachotaka msomaji akishike ni yale maneno mawili: kiyeyushi kinapotoka. Kinakwenda wapi? Katika mtambo uliosanifiwa ipasavyo, swali hili huulizwa kabla ya lolote jingine. Mvuke hunaswa, hupozwa, hurudi kuwa kimiminiko, hupimwa na kutumika tena. Sababu si huruma tu. Mvuke wa tolueni hushika moto kwa cheche ndogo, na ukivutwa kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu. Juu ya hayo, kila lita inayopotea ni fedha. Katika maabara yetu wanafunzi huosha kipande cha lami kwa tolueni chini ya kifaa cha kufyonza hewa, kisha huirudisha tolueni kwa kuikeneka na kupima kiasi kilichopatikana. Daima hupungua. Nikiuliza pungufu liko wapi, wapo wanaojibu, "Limeyeyuka, Mwalimu." Jibu hilo silipi alama.

Mwaka juzi niliwapeleka wanafunzi hao kwenye ujenzi wa barabara moja ya nyanda za juu za kusini, maana kanuni ileile iko pale, mbele ya macho yetu. Lami ya kwanza inayonyunyizwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, ile ambayo wahandisi huiita MC-30, ni lami iliyolainishwa kwa mafuta ya taa ili ipenye chini. Asubuhi ilikuwa ya baridi na lami imekuwa nzito. Vibarua waliwasha kuni chini ya pipa, wakaongeza mafuta ya taa kwa kopo na kukoroga kwa mti. Pipa lilikuwa wazi. Mmoja wao, mtu mzima, alikuwa amejifunga kitenge puani.

"Shikamoo baba," mwanafunzi wangu mmoja alimwamkia. "Haya mafuta ya taa baadaye yanakwenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yanayeyuka tu."

"Na kichwa hakiumi?"

"Kinauma. Ukimaliza wiki unazoea."

Lazima niwe mwadilifu. Lami ya barabarani si sawa na lami ya makaa ya mawe, ambayo ubaya wake unajulikana tangu Percivall Pott, daktari wa London, alipoandika mwaka 1775 juu ya saratani ya wasafisha mabomba ya moshi, na ambayo leo imeorodheshwa wazi kuwa kisababishi cha saratani. Kiswahili huziita zote lami, na si vema kumtisha mtu kwa kosa la msamiati. Lakini mvuke wa mafuta ya taa juu ya moto wa kuni hauhitaji saratani ili uwe hatari. Pipa moja likilipuka linatosha.

Nitaambiwa kuwa nalinganisha mambo yasiyolingana: kiwanda cha nyuzi za satelaiti na vibarua wa wilayani. Kemia haioni tofauti hiyo. Kote kuwili umetia kitu ili kazi iwe rahisi, na kitu hicho lazima kitoke. Tofauti ni ya hesabu. Huko kimeandikwa kwenye daftari la kampuni; huku kimeandikwa ndani ya kifua cha mtu anayelipwa kwa siku, ambaye hana daftari. Na njia nyingine ipo: lami inayotawanywa katika maji kwa vitone vidogo sana, ambayo haihitaji mafuta ya taa kiasi hicho wala moto wa kuni. Msimamizi alitueleza, bila ukali wowote, kwamba bei aliyoshindia zabuni haikuihesabu.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na sioni haja ya kutunga nyingine. Ninachoomba ni kidogo zaidi. Wahandisi wanaoandaa jedwali la gharama za barabara, na wengi wao wamepita katika madarasa yetu, huandika lita za lami, mita za ujazo za kifusi, hata rangi ya mistari ya katikati. Waandike pia mfuniko wa pipa, kichomeo cha gesi badala ya kuni, na barakoa zenye kichujio cha mvuke, kila kimoja kwa idadi na bei yake, ili mkandarasi anayevitoa asishindwe na yule asiyevitoa. Nafasi ipo kwenye jedwali, mstari mmoja chini ya mafuta ya taa.