Kisa cha Gharaniq Nyumbani Kwetu

Baba yangu hufundisha madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, na kuna kisa kimoja hapendi kitajwe mbele ya wanafunzi wake. Ni kisa cha Gharaniq. Husimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.), akiwa Makka, alisoma Surat an-Najm, na alipofika kwenye majina ya Lata, Uzza na Manata, Shetani akapenyeza maneno ya kuyasifu masanamu hayo. Makureshi wakafurahi, wakasujudu pamoja na Waislamu. Kisha Jibrili akaja, na maneno yale yakafutwa.

Wengi wetu hudhani ni uzushi wa maadui wa dini. Sivyo. Kimo kwa Ibn Saad na kwa at-Tabari aliyefariki mwaka 923, Waislamu ambao hakuna awatiliaye shaka. Mzozo ni wetu wenyewe, tena wa zamani.

Kadhi Iyadh (alifariki 1149) alikikataa katakata: mlolongo wa wapokezi umekatika, na Mtume amehifadhiwa asikosee katika kufikisha wahyi. Ibn Hajar, bingwa wa hadithi wa karne ya 15, akasema njia zilizokileta ni nyingi mno, basi hakikosi asili, ila kifasiriwe kwa namna isiyogusa isma ya Mtume. Ibn Taymiyya alikwenda mbali zaidi. Kwake, kosa kufutwa hadharani ni dalili ya ukweli wa Mtume, mwongo angelificha. Na mwaka 2017 kilitoka kitabu cha Shahab Ahmed, aliyechambua riwaya hamsini na kuona kwamba katika karne mbili za kwanza Waislamu walikipokea kisa hiki bila taharuki.

Mimi namfuata Iyadh. Bukhari ametaja kwamba washirikina walisujudu siku ile, lakini maneno ya Gharaniq hakuyataja, na kwangu kimya hicho kina uzito. (Hoja ya Ibn Taymiyya, hata hivyo, bado hunikosesha usingizi.)

Nilimweleza Baba haya yote. Akasema, "Mwanangu, kuna elimu ya wanazuoni na kuna elimu ya watoto." Nikamjibu kwamba watoto wake wana simu, na watakikuta kisa huko kwa mtu asiyemjua Iyadh wala Ibn Hajar. Alinyamaza. Jumamosi iliyofuata aliniomba nimwandikie majina ya wanazuoni hao kwa herufi za Kiarabu.